Nguo ya Mtoto Haimtoshi Mtu Mzima
Mazungumzo juu ya kukua kwa vyama, kupevuka kwake, na kuwa tayari kwa mabadiliko



Mtu apitaye katika mtaa wa Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, siku ya Jumapili alasiri, ataona jambo la kupendeza. Katika nyua za nyumba za kupanga, ambamo vyumba vimejengwa safu mbili vikitazamana, watu wameketi juu ya viti vya plastiki, na waliokosa viti wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mmoja ana daftari mapajani; wa pili anahesabu fedha; wa tatu anasoma majina kwa sauti. Hao ni wanachama. Wengine ni akina mama wauzao mboga, wengine ni waendesha pikipiki, wengine ni vibarua wa viwandani, na wengine ni watu waliotoka pande moja ambao wamepatana kuzikana na kufaana wakati wa shida.

Ni vigumu kumpata mtu mzima mtaani humo asiye katika chama cho chote. Lakini ni vigumu vile vile kumpata mtu asiyewahi kuwa katika chama kilichokufa. Akiulizwa sababu ya kifo hicho, atajibu upesi kwamba mweka hazina alikula fedha. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi ugonjwa ulianza zamani kabla ya wizi, na mwizi alikuwa ni nzi tu aliyetua juu ya kidonda kilichokwisha kuwako.

Mazungumzo haya ni juu ya kidonda hicho. Chama ni kama mtoto. Huzaliwa, hukua, hupevuka, na kila umri una nguo yake. Mzazi mwenye akili haoni haya kuiweka kando nguo isiyomtosha mwanawe tena, kwani aliyempenda ni mtoto wala si nguo. Vivyo hivyo kusudi la chama yafaa likae, lakini taratibu zake hazina budi kubadilika kila chama kikuapo. Vyama vingi vimekufa kwa sababu wenyewe waliishika nguo wakamsahau mtoto.

UTOTO WA CHAMA

Chama kichanga huishi kwa kuaminiana. Chukueni mfano wa watu 15 wa ua mmoja, ambao kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa juma. Hizo ni shilingi 3,000, nazo hupewa mtu mmoja kwa zamu. Baada ya majuma 15 kila mtu amekwisha kupokea, na mzunguko waanza tena. Hakuna fedha ilalayo mahali po pote, kwa hiyo hakuna haja ya ofisi, wala mkaguzi, wala muhuri. Mwenyekiti ni yule aliyeleta wazo, na karani ni yule mwenye mwandiko mzuri. Asiyelipa hana pa kujificha, kwa maana kesho asubuhi atakutana na wenziwe kwenye bomba la maji.

Katika umri huu ni kosa kukilemea chama kwa sheria nyingi. Mtoto akivikwa koti la baba yake atajikwaa. Viko vikundi vilivyoanza kwa kuandika katiba ya kurasa nyingi na kuchagua kamati tano, kisha vikafa kabla ya kukusanya mchango wa mwezi wa pili. Maneno manne yatosha: nani ni mwanachama, atatoa nini, atapokea lini, na akishindwa itakuwaje. Maneno hayo yaandikwe, kila mtu atie sahihi, na chama kianze kazi. Baadaye, kikionekana kwamba kitadumu, kipelekwe kusajiliwa, kwani tangu mwaka 2022 Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii, na kikundi kilichosajiliwa hutambuliwa na sheria, nacho chaweza kufungua akaunti benki.

UJANA, AMBAPO HATARI HUANZA

Watu hudhani kwamba chama hupatwa na hatari wakati wa shida. Mara nyingi sivyo. Hatari huanza siku kinapofanikiwa.

Majirani waliona wale 15 wakinunua magodoro na kulipa karo, nao wakaomba kuingia. Sasa wanachama ni 60. Kila juma zaja shilingi 12,000. Wakakata shauri kwamba nusu itolewe kwa zamu kama desturi, na nusu iwekwe akiba ili wakopeshane. Nusu hiyo ni shilingi 6,000 kwa juma, na katika mwaka wa majuma 52 ni shilingi 312,000, kabla ya kuhesabu faida ya mikopo. Jina la chama ni lile lile, mwenyekiti ni yule yule, na daftari ni lile lile lenye jalada lililochakaa. Lakini chama chenyewe kimekuwa kitu kingine kabisa.

Zamani hapakuwa na fedha ilalayo, sasa iko. Zamani kila mtu alijua mlango wa mwenziwe. Sasa yuko mwanachama akaaye Kwa Rhonda, na mwingine Githima, na mwingine alihama mwezi uliopita wala hakuna ajuaye aliko. Kuaminiana kwa nyuso hakutoshi tena. Hapana budi pawe na kuaminiana kwa maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakusema kwamba mwenye kuipoteza lazima awe mwizi. Mtu mwaminifu akiulizwa habari za fedha za miezi minane iliyopita, ambazo hakuziandika, ataonekana sawasawa na mwizi. Kwa hiyo daftari humlinda mwaminifu kwanza.

Hapa ndipo penye mlima mgumu wa kupanda. Mwanzilishi aombwapo hesabu, moyo wake huuma. Husema, "Nilikianzisha chama hiki kwa mikono yangu, leo hamniamini?" Wanachama huona haya, wakanyamaza. Haya yao hiyo ndiyo huua chama. Yafaa wote waelewe kwamba kuomba hesabu si kumtukana mtu. Mwenye duka ahesabuye mali yake jioni hamtukani mtumishi wake. Atunza duka ili mtumishi naye apate mshahara kesho.

Vikundi vingine vimepata njia njema. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu, hata sanduku lisiweze kufunguliwa ila mbele ya mkutano. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza nchini Kenya, wengine wameliacha sanduku wakatumia simu. Simu ni chombo kizuri, kwa kuwa kila malipo huacha alama yake. Lakini fedha za watu 60 zikiwekwa katika simu ya mtu mmoja, iliyoandikishwa kwa jina lake mwenyewe, chama kimetoka kwenye kufuli tatu kikarudi kwenye kufuli moja. Chombo kipya kimekuja, lakini ulinzi umerudi nyuma. Mabadiliko ya namna hiyo si maendeleo.

WAFUMAJI WA ROCHDALE

Yafaa kuangalia jinsi wengine walivyolipanda jambo hili. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, wafumaji na mafundi maskini walifungua duka lao wenyewe. Walikuwa watu 28, na kila mmoja alikuwa ametoa paundi moja, nayo ilikuwa fedha nyingi kwa mfanyakazi wa siku zile. Mwezi wa Desemba walianza kuuza unga, siagi, sukari na vitu vichache vingine. Wenye maduka makubwa waliwacheka.

Vyama vya ushirika vilikuwako kabla ya hicho, na vingi vilikuwa vimekwisha kufa. Watu wa Rochdale hawakuwa wema kupita wale waliotangulia. Tofauti yao ni kwamba hawakutegemea wema peke yake. Waliandika kanuni: kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache, vipimo viwe vya haki, hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Kanuni hizo zimezunguka ulimwengu mzima, hata vyama vya ushirika vya Kenya vyazifuata.

Lakini liko jambo moja ambalo halisemwi sana. Umoja wa Vyama vya Ushirika vya Ulimwengu, ulioanzishwa mwaka 1895, umezitengeneza upya kanuni hizo mara tatu: mwaka 1937, mwaka 1966, na mwaka 1995. Ikiwa kanuni zilizosifiwa na ulimwengu mzima zimepitiwa upya mara tatu, ni mwenyekiti gani wa Kaptembwo awezaye kusema kwamba kanuni za chama chake haziguswi?

WAKUBWA WALIOPEVUKA

Nchi ya Bonde la Ufa ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hili, maana ndiko ushirika wa Kenya ulikozaliwa. Mwaka 1908 walowezi wa Kizungu waliunda chama cha kwanza huko Lumbwa, mahali ambapo leo paitwa Kipkelion. Ushirika huo wa mwanzo ulikuwa wa Wazungu. Ilikuwa mpaka sheria ya mwaka 1945 ndipo wakulima Waafrika walipofunguliwa mlango wa kuandikisha vyama vyao. Hilo nalo ni fundisho: chama kiwafungiacho nje watu walio wengi hujenga nyumba yake juu ya mchanga, kwani siku itakuja watu hao watakapokuwa ndio nchi.

Hapo Nakuru penyewe palikuwa na makao makuu ya Chama cha Wakulima wa Kenya, ambacho watu wote walikijua kwa herufi tatu, KFA. Kilianza mwaka 1923. Kazi yake ilikuwa kumwuzia mkulima mbegu, mbolea na vyombo, na kumtafutia soko la mahindi yake. Baada ya Uhuru wakulima Waafrika waliingia ndani yake, nacho kikawa mti mkubwa ambao matawi yake yalifika katika miji mingi ya wakulima. Hata leo ziko njia panda mjini Nakuru ziitwazo kwa jina la KFA.

Mwaka 1984 chama hicho kiligeuzwa jina kikaitwa KGGCU, yaani umoja wa ushirika wa wakulima wa nafaka. Mwaka 1996 kilirudishiwa jina lake la zamani. Lakini katika miaka hiyo hiyo mambo makubwa zaidi ya jina yalikuwa yakitokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali iliachilia biashara ya nafaka na ya mbolea, na kila mwenye mtaji akaweza kuleta mbolea na kununua mahindi. Mkulima ambaye zamani alikuwa na mlango mmoja sasa alikuwa na milango kumi. Chama kilicholelewa katika nyumba yenye mlango mmoja kilijikuta sokoni, tena kikiwa na madeni. Kikapungua sana, hata mkulima kijana wa leo hulijua jina lake kama jina la njia panda kuliko jina la chama chake.

Mambo kama hayo yalikipata chama cha maziwa, KCC, kilichoanzishwa mwaka 1925, na ambacho kiwanda chake cha kwanza kilikuwa Naivasha. Kwa muda wa miaka mingi kilikuwa ndicho mnunuzi mkuu wa maziwa. Mwaka 1992 soko la maziwa lilifunguliwa. Kabla ya miaka kumi kupita, wakulima walikuwa wakingoja malipo yasiyokuja, na mwaka 2000 mali ya chama iliuzwa kwa watu binafsi. Mwaka 2003 Serikali ilikirudisha mikononi mwake, kikaitwa KCC Mpya, na lori za maziwa zikaanza tena safari zake. Wakulima walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini angalieni vizuri: kilichokuwa chama cha wakulima kiliokolewa kwa kuwa shirika la Serikali. Chama kisichojigeuza chenyewe hugeuzwa na wengine, na kigeuzwacho na wengine si lazima kirudi kwa mwenyewe.

Mtu asidhani kwamba vyama hivyo viliongozwa na wajinga. La. Walikuwamo watu wenye elimu na bidii. Shida ni kwamba nguvu iliyokifaa chama katika ujana wake iligeuka kuwa udhaifu wake katika uzee. Kuwa mnunuzi wa peke yake kulikipa KCC nguvu. Kwa sababu hiyo hakikujifunza kumtafuta mkulima, kwani mkulima alikuwa hana pa kwenda. Yale tunayosifiwa kwayo leo yafaa tuyaulize swali hili: je, na kesho?

KUBADILI NJIA BILA KUACHA KUSUDI

Iko mifano ya namna nyingine, tena iko karibu.

Walimu wa Nakuru walikuwa na chama chao cha akiba na mikopo. Mwanachama sharti awe mwalimu, na mchango wake ulikatwa katika mshahara. Huo ulikuwa ni utaratibu mzuri wa kuanzia, maana mshahara wa mwalimu hauchelewi kama mvua. Lakini ulimwengu ulibadilika. Mabenki yalianza kumfuata mwalimu huyo huyo kwa mikopo, na huku wakulima na wafanyi biashara walikuwa nje wakitafuta mahali pa kuweka akiba. Mwaka 2008 ilitoka Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo, iliyotaka kila chama kipokeacho amana za watu kiwe na leseni na mtaji wa shilingi milioni 10 kwa uchache. Walimu wa Nakuru walifungua mlango wakakiita chama chao Cosmopolitan. Wenzao wa Baringo walifanya vivyo hivyo wakakiita chao Boresha. Kusudi lilikaa pale pale, yaani mtu wa kipato kidogo aweke akiba na kukopa kwa riba ya haki. Kilichobadilika ni mlango.

Mfano wa pili ulitokea Kaptembwo kwenyewe, nao ni wa vyoo. Watu wasicheke, maana ni jambo la uhai. Karibu na mwaka 2000, katika vijiji vya Bangladesh, mtaalamu Kamal Kar alianza njia mpya ya kuwaongoza watu wajenge vyoo vyao wenyewe bila kungoja msaada. Watu wa kijiji walikusanyika, wakapita pamoja kutazama uchafu ulipo, wakaona wenyewe madhara yake, kisha kila jamaa wakachimba choo chao. Njia hiyo ilienea katika nchi nyingi.

Mwaka 2012 shirika la Practical Action pamoja na Umande Trust walianza kuileta njia hiyo Kaptembwo na Kwa Rhonda. Lakini Kaptembwo si kijiji. Mpangaji wa chumba kimoja hana ardhi ya kuchimba. Ardhi ni ya mwenye nyumba, naye pengine hakai hapo. Wapangaji wa vyumba kumi au zaidi hutumia choo kimoja, na kikijaa, kila mmoja humtazama mwenziwe. Kama mashirika hayo yangalishika njia ya kijijini neno kwa neno, kazi ingalianguka. Basi wakaibadili. Wenye nyumba waliitwa kwenye mazungumzo sawa na wapangaji; habari za mikopo ya kujengea zikatafutwa; vyoo vikajengwa vya kufaa ua wenye watu wengi. Kusudi lilikuwa lile lile la kijiji cha Bangladesh, ya kwamba watu wenyewe waamke. Njia ndiyo iliyogeuzwa ikafuata hali ya mahali.

CHAMA KILICHOMALIZA KAZI

Pako na jambo jingine ambalo watu huogopa kulitamka, nalo ni mwisho wa chama. Baada ya Uhuru, makampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi viliundwa kwa wingi katika wilaya ya Nakuru. Watu maskini walichanga hisa wakanunua mashamba ya walowezi, ambayo hakuna mmoja wao angeweza kuyanunua peke yake. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na viwanja vingi vilivyo pembeni mwa Nakuru vilitokana na mashamba ya namna hiyo.

Lakini shamba likiisha kununuliwa, lililobaki ni kuligawa, kumpa kila mwenye hisa hati yake, na kufunga kampuni. Viongozi wengine hawakupenda siku hiyo ifike, kwani kampuni ikifungwa, kiti nacho huondoka. Miaka ikapita, wenye hisa wengine wakafa, wakawaachia watoto wao karatasi ya hisa badala ya hati ya ardhi. Mwaka 1986 Serikali iliagiza makampuni hayo yamalize kazi na kufungwa, na hata baada ya hapo magomvi mengi ya hati yaliendelea kufika mbele ya wakubwa na mahakama. Chama kilichomaliza kazi yake na kufungwa kwa heshima hakikushindwa. Kilichoshindwa ni kile kinachoendelea kuishi kwa kuwala wanachama wake.

SIKU YA MTIHANI

Mabadiliko mengine huja polepole kama magugu, na mengine huja kama moto. Watu wa Kaptembwo wanayajua yote mawili. Mwezi wa Januari mwaka 2008, baada ya uchaguzi, machafuko yaliingia Nakuru. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waligawanyika kwa makabila, na watu wengi walikimbilia uwanja wa maonyesho wakiwa na kile tu walichoweza kubeba. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona, mikutano ikakatazwa, na kazi za vibarua zikasimama.

Katika siku kama hizo chama huulizwa maswali matatu tu. Fedha ziko wapi? Nani anajua kila mtu anadai kiasi gani? Na mwenyekiti akiwa hayupo, ni nani awezaye kutenda? Kama majibu yote yamo katika kichwa cha mtu mmoja, basi siku mtu huyo anapokimbia, au anapolazwa hospitali, chama kimekimbia naye au kimelazwa naye. Lakini kama daftari lina nakala mbili, na watia sahihi watatu si wa nyumba moja wala wa kabila moja, mwanachama aliyekimbilia mbali aweza kupata haki yake. Tena fedha hiyo ikimfikia aliyefukuzwa, humpelekea na ujumbe ya kwamba jirani zake hawakumtupa. Ujumbe huo wawatengenezea watu njia ya kurudiana, jambo ambalo fedha peke yake haiwezi.

Ndiyo maana kuwa tayari kwa mabadiliko si kubashiri yatakayotokea. Hakuna aliyebashiri korona. Ni kukijenga chama hivi kwamba kisimame hata nguzo moja ikiondoka.

MAMBO MATANO YA KUTENDA

Kwa ufupi, yako mambo matano ambayo chama cho chote, kikubwa au kidogo, chaweza kuyatenda bila gharama.

La kwanza, hesabu zisomwe kwa sauti katika kila mkutano, hata kama hakuna aliyeuliza. Desturi hiyo humwondolea mtu haya ya kuuliza na humwondolea mweka hazina uchungu wa kuulizwa.

La pili, viongozi wabadilishwe kwa wakati uliowekwa, hata wakiwa wazuri. Kiongozi mzuri akiondoka angali na nguvu, atamfundisha mwingine. Akingojwa mpaka achoke au afe, kazi yake atakwenda nayo.

La tatu, karani awe na msaidizi, na mweka hazina awe na msaidizi, na wasaidizi hao wawe vijana. Mtoto hujifunza kutembea mkono wake ukiwa umeshikwa.

La nne, sehemu ya fedha iwekwe akiba ya siku mbaya, wala isikopeshwe. Faida ya fedha hiyo haionekani mpaka siku inapohitajiwa, na siku hiyo huzidi faida nyingine zote.

La tano, mara moja kwa mwaka mkutano mmoja uwekwe kwa kuuliza tu: chama hiki kilianzishwa kwa kusudi gani, je, kusudi hilo bado lipo, na ni taratibu gani zilizotufaa jana ambazo leo zatubana? Siku hiyo kusitolewe mkopo wala mchango. Mgeni asiitwe, wala pasipikwe chakula kingi. Watu waketi waseme kweli.

MWISHO

Pengine yuko atakayesema, "Maneno haya ni ya vyama vikubwa, chetu ni cha watu 15 tu." Basi na akumbuke kwamba wale wa Rochdale walikuwa 28, na fedha yao ilikuwa paundi 28. Nakuru yenyewe ilianza kama kituo cha reli iliyofika hapo mwaka 1900, na mwaka 2021 ilipewa hadhi ya jiji. Hakuna aliyetazamia kwamba kanuni za kituo zingeweza kutawala jiji.

Fedha zinazohesabiwa Jumapili alasiri katika nyua za Kaptembwo si za kuchezea. Ni karo ya mtoto, ni kodi ya chumba, ni nauli ya kumpeleka maiti nyumbani. Chama kikifa, hasara yake haiishii kwenye shilingi, kwa maana mtu aliyeumwa mara moja hataki tena kuketi na jirani yake, na ua wenye vyumba kumi huwa milango kumi iliyofungwa. Na chama kikipevuka vizuri, watoto wanaocheza kandoni mwa mkutano huo, wakisikia majina yakisomwa na hesabu zikijibiwa, hujifunza bila kufundishwa jinsi watu wanavyoweza kukaa pamoja.

Basi wenye vyama wasiogope kupima nguo upya. Mtoto akikua na nguo ikapasuka mabegani, hakuna mama aliaye. Hushukuru Mungu kwamba mwanawe amekua, kisha huenda kwa fundi.